Kardinali Manning na Makuli wa London

Wasikilizaji, habari ninayotaka kuwasimulia ni ya peni moja.

Katika mwezi wa Agosti, mwaka 1889, makuli wa bandari ya London waligoma. Desturi ilikuwa wakusanyike kila asubuhi penye malango ya gati, wakisukumana ili msimamizi awachague. Aliyechaguliwa huenda akapewa kazi ya saa moja au mbili tu, kwa peni tano kila saa, kisha akaambiwa aende zake. Asiyechaguliwa alirudi kwake mikono mitupu. Walitaka peni sita kwa saa, na mtu akiajiriwa asipewe kazi ya chini ya saa nne.

Wenye gati walikataa. Hoja yao, iliyopendwa sana na wataalamu wa uchumi wa siku zile, ni kwamba kuli ameukubali ujira mwenyewe wala hakushurutishwa na mtu. Lakini ana hiari gani mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana?

Wagomaji wakaishi kwa michango. Kutoka Australia peke yake zilikuja zaidi ya pauni 30,000. Ndipo akaingia kati Kardinali Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, mzee wa miaka 81. Tena hakuwa mtoto wa maskini, maana baba yake alipata kuwa Gavana wa Benki ya Uingereza. Wenye gati walitaka nyongeza ianze Januari. Makuli walitaka ianze mara moja. Tarehe 10 Septemba mzee huyo alikaa na viongozi wao katika shule moja huko Poplar, akawasihi hata wakakubali mwezi wa Novemba.

Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua iitwayo Rerum Novarum. Alitetea haki ya mtu kumiliki mali, akawapinga wasoshalisti. Sehemu hiyo matajiri huikumbuka upesi. Lakini alisema pia kwamba haki hutangulia mapatano yoyote: ujira usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi, na akikubali pungufu kwa kuogopa mabaya zaidi, amedhulumiwa. Akavikubali vyama vya wafanyakazi, akaitaka serikali iwaangalie wanyonge zaidi. Askofu Ketteler wa Mainz, aliyefariki mwaka 1877, alikuwa amekwisha kufundisha mengi ya namna hiyo huko Ujerumani.

Manning aliishi miezi minane tu baada ya barua ile. Alifariki Januari 1892.