Mchuzi wa kondoo usio na kondoo: majina na historia ya vyakula vitamu vya Kijapani

Wako wasomi wanaoamini kwamba kila neno lina mwenyewe, na ya kuwa anayeliazima hana ruhusa ya kuligeuza maana. Kwa imani hiyo Kiswahili cha Lubumbashi, ambako « masomo » ni jina la shule yenyewe, huhukumiwa kuwa kimeharibika. Makala hii fupi yakusudia kulipima jambo hilo mbali na nyumbani, katika historia ya vyakula vitamu ambavyo Wajapani huvitengeneza kwa maharagwe mekundu.

Maharagwe hayo, yaitwayo azuki, ni madogo, nayo ni ya jamii moja na kunde zetu. Huchemshwa hata yalainike, hupondwa, kisha hutiwa sukari na kukorogwa motoni mpaka yawe rojo zito. Rojo hilo huitwa an. Neno lenyewe lilitoka China, ambako lilitaja chochote kinachotiwa ndani ya andazi, nyama ikiwamo.

Tutazame kwanza yokan, kipande laini cha maharagwe kinacholiwa pamoja na chai. Jina lake huandikwa kwa herufi mbili za Kichina, ya kwanza ikimaanisha « kondoo », ya pili « mchuzi ». Watawa wa Zen waliokwenda kusoma China walirudi na jina la chakula hicho, lakini dini iliwakataza nyama. Basi mahali pa nyama waliweka azuki na unga, wakapika kwa mvuke. Baadaye, katika enzi ya Edo (1603–1868), ilipatikana kanten, kigandishio kitokacho katika mwani, nayo yokan ikapata umbo tunalolijua leo.

Manju ina habari inayofanana na hiyo. Jina latokana na mantou ya China, andazi ambalo zamani lilijazwa nyama. Mapokeo yasimulia kwamba Mchina mmoja, Rin Join, alifika Japani mwaka 1349, akakaa Nara, na kwa ajili ya watawa akatia maharagwe ndani yake. Tusisahau pia kwamba sukari ilikuwa adimu: hata katika karne ya 17 nyingi yake ililetwa na merikebu za Wachina na Waholanzi katika bandari ya Nagasaki. Utamu tunaoudhani kuwa asili ya vyakula hivi ni mgeni aliyechelewa kufika.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi. « Pan », yaani mkate, Wajapani walilipokea kutoka kwa Wareno katika karne ya 16. Mwaka 1874, huko Tokyo, Kimura Yasubei aliyekuwa samurai alitia an ndani ya mkate uliochachushwa kwa chachu ya pombe ya mchele. Tarehe 4 Aprili 1875 mkate huo, anpan, uliandaliwa mbele ya Mfalme Meiji. Neno la Kichina na neno la Kireno zikaungana, na hakuna Mjapani anayeliona neno hilo kuwa la kigeni.

Je, majina haya yameharibika? La. Kila badiliko lina sababu inayoelezeka: mwiko wa dini, uhaba wa sukari, biashara ya baharini. Nasi tunao ushahidi katika lugha yetu: « gereza » latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, wala hakuna anayedai tulirudishe ibadani. Vivyo hivyo, anayeiita shule « masomo » amepaita mahali kwa jina la kazi inayofanyika pale. Hilo si kosa, bali ni njia ambayo lugha nyingi hupitia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili, kabla ya kuhukumu neno, na aulize kwanza ni haja gani iliyolihamisha.