Askari, Hati na Mrithi

Miongoni mwa wanachama wa Chama Kikuu chetu hawakosekani wajukuu na vitukuu wa watu waliokwenda katika vita vile viwili vikubwa. Kwa kuwa mwaka huu twatimiza miaka kumi, na kwa kuwa ushirika ni mahali pa kuweka akiba pia, nimeona yafaa kueleza kidogo jinsi watu hao walivyolipwa baada ya kuvua sare.

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala katika Zambia, mwezi Novemba 1918, hakuwa na fedha za kuwalipa askari wake Waafrika. Aliwapa hati za madai yao. Hati ni karatasi, na mchwa na mvua hawajui kusoma. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa waliokuwa bado hai, nao wazee wapatao 350 wakakusanyika Mwanza. Husimuliwa kwamba wachache tu walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, wala hakukosea hata mmoja. Watu hucheka wakisikia kisa hiki, nami nimecheka. Lakini ilikuwa imepita miaka 46. Aliyekufa mwaka 1930 hakuweza kushika ufagio, na mjane wake hakufundishwa gwaride.

Wapagazi wa upande wa Waingereza walikuwa na hali mbaya zaidi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam. Wengi walikufa kwa maradhi, na mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia jamaa zao, maana majina yaliandikwa vibaya au kijiji hakikujulikana. Fedha zilikuwapo, mwenyewe hakuonekana.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, askari wa King's African Rifles, yaani Keya, walipewa kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja, nacho kilipimwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi: Mzungu aliweza kulipwa hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kimoja naye. Wako waliofungua maduka, na mengi yakafungwa upesi. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 kwa askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao walio maskini, wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, baada ya miaka zaidi ya 70!

Katika daftari letu la wanachama, kando ya hesabu ya hisa, pana safu ya jina la mrithi. Kwa wanachama wengi safu hiyo ni tupu. Kwa wengine pameandikwa "mke wangu" bila jina, naye bwana ana wake wawili. Karani hulifungua daftari hilo kila siku ya kupokea pamba. Njooni na jina kamili la mrithi, jina la baba yake, na kijiji.