Pigo la Karibu: Istilahi za Mkono katika Mapigano ya Kichina

Neno la Kichina "quan" maana yake ya asili ni ngumi. Lakini katika majina kama Taijiquan au Bajiquan halitaji tena vidole vilivyokunjwa, bali ni jina la mtindo mzima wa mapigano, pamoja na mateke na mikao yake. Jambo hilo lisitushangaze, kwani nasi tumefanya vivyo hivyo tuliposema "mchezo wa ngumi". Hata hivyo, mfasiri aandikaye "ngumi" kila aonapo "quan" humpotosha msomaji, na humpotosha zaidi pale habari inapohusu mapigo ya karibu, ambapo mkono hufanya kazi nyingi zisizo za ngumi.

Tofauti ya mbali na karibu ni ya kale katika maandishi ya Wachina. Jemadari Qi Jiguang (1528–1588), aliyepigana na maharamia wa pwani katika enzi ya Ming, aliandika mnamo mwaka 1560 kitabu cha kufunzia askari kiitwacho Jixiao Xinshu. Humo mna sura ya mapigano ya mikono mitupu yenye mikao 32. Jemadari mwenyewe hakuyathamini sana mapigano hayo katika uwanja wa vita. Aliyaona kuwa ni mazoezi ya kulainisha viungo na mlango wa kuingilia wanafunzi wapya. Lakini katika kuorodhesha mitindo ya zama zake alitaja "ngumi ndefu" iliyonasibishwa na mfalme wa kwanza wa enzi ya Song, na akataja pia "duanda", yaani mapigo mafupi, ya bwana mmoja aitwaye Mian Zhang. Ufupi unaotajwa hapo ni wa nafasi iliyopo baina ya wapiganaji wawili. Urefu wa mkono haumo katika hesabu.

Nafasi hiyo ndiyo kiini cha habari yetu. Mpiganaji aliye mbali na adui yake anaweza kuuvuta mkono nyuma, akazungusha bega na kulifuata pigo kwa hatua. Wakikaribiana kiasi cha vifua kutaka kugusana, hana tena pa kuuvutia mkono. Hapana budi nguvu itoke kwingine: katika unyayo ukanyagao ardhi, ipite nyongani na kiunoni, ndipo ifike mkononi kwa mshtuko wa ghafla.

Mtindo ulioendeleza elimu hiyo kwa ukamilifu, kwa maoni yetu, ni Wing Chun wa kusini mwa China. Hekaya yasema ulibuniwa na mtawa wa kike, Ng Mui, akamrithisha msichana Yim Wing Chun. Hayo ni masimulizi, na mwanahistoria hawezi kuyajengea nyumba. Mlolongo unaoaminika zaidi huanzia mji wa Foshan katika karne ya 19, kwa tabibu Leung Jan na mwanafunzi wake Chan Wah Shun. Huyu wa pili alimfundisha Ip Man (1893–1972), ambaye alihamia Hong Kong na kuanza kufundisha huko mwaka 1950. Katika Wing Chun ngumi husimama wima, kisukusuku hukaa chini mbele ya mbavu, na mapigo hufuatana katikati ya kifua bila mkono kurudi nyuma. Mkono uleule uzuiao ndio upigao.

Mazoezi yake mashuhuri huitwa "chi sau", yaani mikono inatayo: wawili hugusanisha mikono, kila mmoja akisikiliza kwa ngozi nguvu ya mwenziwe inakoelekea. "Mikono ya kunata" yatosha kuwa tafsiri, ingawa aliyewahi kutega ndege kwa ulimbo angesema vizuri zaidi. Mtihani mgumu ni jina la mfululizo wa pili wa mazoezi, "Chum Kiu", kutafuta daraja. Daraja hapo ni mkono unaogusana na mkono wa adui, ambao pigo huvukia. Lakini katika ofisi zetu mtu anayetafuta daraja anatafuta kupandishwa cheo! Tunapendelea "kutafuta mgusano". Taswira imepotea, maana imebaki.

Mwanafunzi mmoja wa Ip Man ndiye aliyeyafikisha mapigo haya kwa umma wa dunia. Bruce Lee (1940–1973) alionyesha mwaka 1964 huko Long Beach, Marekani, pigo la umbali wa inchi moja, likamsukuma mtu mzima mpaka kitini. Filamu zake zilipoonyeshwa katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam miaka ya 1970, vijana walilipata neno "kung fu" kutoka kwenye kitambaa cheupe, wala si katika kamusi. (Kwa Wachina neno hilo ni ustadi wowote uliopatikana kwa juhudi za muda mrefu, hata mpishi anaweza kuwa nao.) Wachina nao husema nguvu ya "cun". Cun si inchi: kwa kipimo cha sasa ni sentimita 3.3 hivi, na waganga wao huikadiria kwa upana wa kidole gumba. Kiswahili kina kipimo cha jamii hiyohiyo, nacho ni wanda, upana wa kidole. "Pigo la wanda" ni fasaha kuliko "pigo la inchi", na linakaribia zaidi fikra ya wenyewe.

Yapo na maneno mengine tuliyo nayo tayari. Mitindo kadhaa ya kusini hupiga kwa kifundo cha kidole cha shahada kilichochomozwa. Kila mtoto aliyepita mikononi mwa mwalimu mkali analijua konzi. Bajiquan ya Cangzhou, mkoani Hebei, hutumia bega kumsukumia adui uzito wa mwili mzima, nalo ni kumbo. Lakini pigo la kitanga tusiliite kofi, maana kofi hulia shavuni kwa mkono uliotandazwa, ilhali hili husukuma kwa sehemu ya chini ya kitanga.

Neno la hatari ni "kiwiko". Wapo walitumiao kwa kifundo cha mkono, na wapo walitumiao kwa kiungo cha katikati ya mkono. Kanuni za sanda, shindano la wushu la kupigana kweli, hukataza kupiga kwa kiungo hicho cha katikati. Mwaka 2020 wushu iliingizwa katika ratiba ya Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, na yamkini kanuni zake zitahitajiwa kwa Kiswahili. Mwamuzi aliyesoma "kiwiko" kwa maana ya kwanza atamwadhibu mchezaji asiye na kosa. Kwa hiyo tunashauri "kisukusuku" kitumike katika kanuni zote, na "kiwiko" kiachwe kabisa katika maandishi ya michezo hii.