Bibi Ladi Kwali, Mfinyanzi wa Abuja

Katika nchi ya Wahausa, mtoto wa kike azaliwaye siku ya Jumapili huitwa Ladi, na asili ya jina hilo ni neno la Kiarabu al-ahad. Ndivyo alivyoitwa binti mmoja wa kabila la Wagwari, aliyezaliwa yapata mwaka 1925 katika kijiji cha Kwali, Nijeria ya Kaskazini. Shule hakuiona. Ilimu yake aliipata uani kwa shangazi yake, naye alikuwa mfinyanzi kama wanawake wengi wa kabila lile.

Kazi yenyewe wasomaji wa huku hawataiona ngeni, kwani mama zetu waliifanya. Udongo hupondwa, hukandwa, kisha huviringwa mithili ya kamba nene, na kamba hizo hupandishwa moja juu ya moja. Bibi Ladi alikuwa akisimama, akauzunguka mtungi kinyumenyume huku mikono yake ikivuta udongo kwenda juu. Basi yeye ndiye aliyezunguka, mtungi ukatulia mahali pake. Ulipokauka kidogo aliutia nakshi kwa kijiti kilichochongwa meno, akachora mijusi, nge, vinyonga, nyoka na mamba. Hapana shaka wako watakaouliza juu ya sura za wanyama. Mas'ala hayo yana wanavyuoni wake, wala si mahali pake hapa. Mwishowe vyombo vilipangwa uwanjani, vikafunikwa kuni na nyasi kavu, vikachomwa.

Mitungi yake ilikuwa mizuri hata ikafika katika jumba la Amiri wa Abuja, Alhaji Suleimanu Barau, aliyetawala tangu mwaka 1944 hata 1979. Humo ndimo alimoiona mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Michael Cardew, mfinyanzi aliyeletwa na serikali ya kikoloni awafundishe watu wa Nijeria ufinyanzi wa kisasa. Inafaa kuzingatia jambo hili. Mgeni aliyekuja kufundisha alikuta kazi imekwisha fundishwa, tena imewekwa mahali pa heshima, na aliyeiweka ni Amiri mwenyewe. Lau mitungi ile ingalibaki jikoni, yamkini asingaliulizia ni ya nani.

Cardew alianzisha chuo cha ufinyanzi pale Abuja, na mwaka 1954 Bibi Ladi akaingia, mwanamke wa kwanza kupokewa miongoni mwa wanaume. Akajifunza gurudumu, akalimudu vyema. Akafinyanga mabakuli na vikombe, akavikwaruza nakshi kwa mwiba wa nungu. Lakini mitungi mikubwa hakukubali kuifinyanga ila kwa mkono, kama alivyofundishwa na shangazi yake. Kilichobadilika ni moto. Mitungi ilipakwa maji ya udongo na majivu, ikaingizwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,300, ikatoka inang'aa kijani kama kioo.

Hapo pana faida na hasara, na haifai kuitaja moja tu. Mtungi wa kienyeji huvuja jasho, na jasho hilo ndilo lipozalo maji. Mtungi uliopakwa kioo hauvuji, kwa hiyo haupozi. Chombo kilichofinyangwa kwa ajili ya kiu kiligeuka kuwa pambo, kikasafirishwa London, kikaonyeshwa huko mwaka 1958, na 1959, na tena 1962. Watu wa Ulaya wakastaajabu, nao walikuwa na haki ya kustaajabu. Ila hakuna hata mmoja wao aliyekunywa humo.

Yeye mwenyewe alikwenda Uingereza mwaka 1962, na Marekani mwaka 1972, akafinyanga mbele ya umati wa watu. Hakuhitaji maneno mengi; walitazama mikono. Kule Abuja nako wanawake wengine walimfuata chuoni, Halima Audu mwaka 1960 na Asibi Ido mwaka 1962, na yule aliyeingia kama mwanafunzi akawa kiongozi wao. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, mtu ambaye hakupata kukaa darasani utotoni. Alifariki mwaka 1984. Chuo kile kilipewa jina lake, na tangu mwaka 2007 sura yake imo katika noti ya naira 20, akiwa na mtungi wake. Mji wenyewe wa Abuja ulikwisha itwa Suleja, kwa kuwa jina la Abuja lilitwaliwa na mji mkuu mpya.

Miongoni mwa waliomwendea kujifunza alikuwamo binti wa upande wetu, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikuwa akisoma Uingereza, akakutana na Cardew, na kwa shauri lake akaenda Abuja mwaka 1974, akaketi na wanawake wale. Ilimbidi avuke bahari mara mbili ili ajifunze kazi iliyokuwa ikifanywa na bibi za watu kwao. Leo jina lake ni kubwa duniani katika fani hiyo. Vyombo vyake hafinyangi kwa gurudumu. Huvipandisha kwa mkono, akavisugua hata vikalainika, na moto ukavifanya vyekundu au vyeusi. Kioo havipaki.