Makazi ya Lac Vert, Magharibi mwa Goma

Lac Vert ni mtaa wa komini ya Goma, upande wa magharibi wa jiji la Goma huko mashariki mwa Kongo, kati ya ufuko wa Ziwa Kivu na barabara ya kwenda Sake. Jina lake limetokana na ziwa dogo la kijani lililomo ndani ya kreta ya zamani. Ardhi yake ni lava iliyoganda: udongo haba, mawe meusi yenye makali, na shimo la choo linalochimbwa kwa sululu na nyundo hadi mchimbaji anakata tamaa. Wengi huishia kujenga choo juu ya ardhi, kwenye jukwaa la mawe. Mtaa huu ndio umewapokea waliokosa pa kukaa kwingine jijini, na bei yake nafuu ina sababu zake.

Goma yenyewe ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama kituo cha Wabelgiji, kikitazamana na Gisenyi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Comité National du Kivu, chombo kilichopewa mamlaka ya kugawa maeneo makubwa ya ardhi kwa walowezi. Magharibi, kuelekea Sake, volkano zilikuwa na neno la mwisho: lava ilitiririka hadi ziwani mwaka 1912, na tena kati ya 1938 na 1940. Nyumba za bei nafuu za zama hizo zilijengwa kwingine. Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga mitaa mizima Léopoldville na katika miji mingine mikubwa, Bukavu ikiwamo. Goma ilikuwa bado mji mdogo.

Sheria zilikuja, na kwa maandishi zilitosha. Dekri ya 20 Juni 1957 iliweka utaratibu wa mipango ya ardhi mijini. Sheria ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola: raia hupewa haki ya kuitumia kwa mkataba, akishaiendeleza ndipo apate cheti cha usajili. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa, na Goma ikawa makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini. Lakini njia ya kufikia cheti ilikuwa ndefu na yenye malipo kila hatua. Mnunuzi wa kawaida alitosheka na karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi na za kiongozi wa mtaa au wa kimila. Karatasi hiyo ilimpa pa kulala. Haikumpa kinga siku mwingine alipotokea na karatasi ya kiwanja hichohicho.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu yao, kwa kuwa mwamba haukuruhusu kuchimba vyoo wala makaburi, na maji safi hayakuwapo. Makambi ya Mugunga na Lac Vert yakatanda juu ya lava, na sehemu ya jeshi la Rwanda lililoshindwa ikaweka makao yake humo. Novemba 1996 vita viliyavunja makambi hayo, na umati mkubwa ukarudi Rwanda kwa miguu. Eneo lililokuwa pembezoni likabaki limefyekwa na kukanyagwa, tayari kwa walowezi wapya.

Hao waliletwa na mlima. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikashuka kupitia uwanja wa ndege na katikati ya jiji hadi ziwani. Takriban asilimia 13 ya jiji ilifunikwa, na watu wapatao 120,000 wakakosa makazi. Upande wa magharibi haukuguswa, ndipo ujenzi ukaelekea huko. Mashirika ya misaada yalitoa vifaa vya nyumba za muda zenye fremu za mbao, zinazoweza kufunguliwa na kuhamishwa. Ulikuwa uamuzi wa busara. Nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano hujengwa kwa siku chache, huongezwa chumba kipato kikiruhusu, na mwenyewe akifukuzwa huondoka na mbao na mabati yake. Kasoro yake kubwa ni moto: nyumba zikibanana, moja ikiwaka huwaka safu nzima. Njia pana kati ya nyumba ingepunguza hasara hiyo, na njia haigharimu kitu ikichorwa kabla ya watu kujenga.

Miaka hiyohiyo kodi za nyumba zilipanda. Ujio wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa na mashirika, pamoja na fedha za madini ya koltani, uligeuza ufuko wa mitaa ya Himbi na Keshero kuwa mahali pa nyumba za ghorofa. Mpangaji aliyeshindwa kulipa garanti ya miezi kadhaa alisogea magharibi. Alipata kodi ndogo, lakini akaongeza nauli ya pikipiki kila siku na gharama ya maji kwa bidoni, ingawa ziwa liko karibu. Hesabu ya nyumba nafuu isiyoingiza maji na nauli ni hesabu ya uongo.

Kuna pia hatari isiyoonekana. Mazuku ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayopanda kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapokosekana, na huua mbuzi, watoto na yeyote anayelala chini. Wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma wamezitambua sehemu nyingi za namna hiyo magharibi mwa jiji, Lac Vert ikiwamo. Kiwanja cha bondeni ndicho rahisi kuliko vyote, na kukijaza mawe hakuzibi nyufa zinazoitoa hewa hiyo. Ramani ya mazuku kwa hiyo ni sehemu ya mpango wa makazi sawasawa na ramani ya barabara. Kumuuzia maskini bonde la mazuku bila kumwambia ni kumuuzia kifo.

Njia nyingine ilikwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikapeleka barabara na maji, kisha ikamwachia kila mwenye kiwanja ajenge kidogo kidogo. Wengi wenye kipato cha chini waliishia kuwauzia wenye nacho, na hilo ni fundisho lake la pili. Hata hivyo mitaa hiyo imebaki na njia, mipaka na hati. Serikali haikuhitaji kujenga nyumba. Ilihitaji kutangulia kufika.

Lac Vert, watu ndio wametangulia kila mara. Kundi la waasi la M23 liliporudi vitani mwishoni mwa 2021, wakimbizi wa ndani kutoka Masisi na Rutshuru walijaza tena eneo hilo. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia makambi ya Lac Vert na Mugunga, yakaua raia, watoto wakiwamo. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, na mwezi uliofuata wakazi wa makambi waliamriwa kuondoka. Yeyote atakayeitawala Goma, viwanja vya makambi hayo vipimwe, mabonde ya mazuku yawekewe alama, na njia za maji zitengwe kabla ya karatasi ya kwanza ya mauzo kutiwa sahihi.