Je, mtoto anarithi dhambi ya baba yake?



Juzi hapa kambini kwetu, upande wa Muyinga, watoto wawili waligombana kwenye foleni ya maji. Mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe ni damu ya wauaji." Aliyeambiwa ana miaka tisa. Jioni akatuuliza: eti dhambi ya baba iko ndani yangu? Kikundi chetu kilibishana sana. Wengine walisema si tunafundishwa tumezaliwa wote na dhambi ya Adamu? Ndo maana leo tunaandika historia ya swali hilo.

Mapadre Weupe walifungua misheni ya Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. Mpaka leo wanaojiandaa kubatizwa wanafundishwa kwamba ubatizo unaondoa dhambi ya asili. Lakini fundisho hilo lilikomaa hapa hapa Afrika, na wakimbizi walikuwemo.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo. Mwaka 410 Wagothi waliteka Roma, na watu wengi wakakimbilia Afrika ya Kaskazini. Kati yao walikuwa Pelagio na mwenzake Celestio. Hao walikataa kwamba mtoto anazaliwa na dhambi: kila mtu atajibu ya kwake. Augustino akabisha, akisema Adamu alituharibu wote. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakamuunga mkono.

Sasa likabaki swali gumu: roho ya mtoto inatoka wapi? Tertuliano wa Karthago alikuwa amefundisha kwamba inatoka kwa wazazi, kama chipukizi kwenye mti. Hieronimo alisema Mungu anaumba kila roho mpya. Augustino akajiuliza: kama Mungu anaiumba mpya, doa linaingilia wapi? Mwaka 415 alimwandikia Hieronimo kumuuliza. Hata uzeeni alikiri bado hajui. Alikufa mwaka 430, Wavandali wamezingira mji wake uliojaa watu waliokimbia vita.

Leo Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila roho inaumbwa na Mungu, haitoki kwa wazazi, na kwamba dhambi ya asili si kosa ambalo mtoto amelitenda. Waorthodoksi husema tulirithi kifo, si hatia. Majirani zetu Waislamu wanasema kila mtoto anazaliwa safi. Na nabii Ezekieli, sura ya 18, anakataa kabisa mwana kulipia kosa la baba.

Basi angalieni: wanabishana juu ya Adamu, baba wa wote. Hakuna kati yao anayesema kuna kabila linalozaliwa na dhambi yake peke yake. Kama dhambi ya Adamu ipo, aliyetukana anayo sawa na aliyetukanwa.

Barabara ya Gitega kuja Muyinga inapita Karusi. Huko, mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mifupa ya watu zaidi ya 6,000 waliouawa mwaka 1972. Ukweli lazima usemwe, na aliyeua ajibu. Lakini aliyezaliwa baadaye atajibu nini? Yeye amerithi hofu, kilio na maisha ya kambi. Hivo ni vidonda, vinahitaji kutunzwa.

Yule mtoto tulimjibu: hapana, haimo ndani yako. Nanyi mkisikia tusi hilo kwenye maji, msipite kimya.