Mvumo wa Ndege na Mpaka wa Busia

Ukisimama Busia, mwanafunzi, mji wenye jina moja uliogawanywa na mpaka, au Malaba jirani na Tororo, utasikia mvumo wa malori yanayosubiri kuvuka. (Mvumo ni sauti nzito inayoendelea, uvumi ni habari isiyo na hakika.) Sauti hiyo haiombi kibali cha kuvuka, lakini sheria huishia mpakani: Uganda ilitunga kanuni zake za kelele mwaka 2003, Kenya mwaka 2009. Nani basi agharimie utulivu wa jirani? Swali hili liliwahi kuulizwa angani.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa mali yetu sote. Kuanzia 1966 lilipokea Super VC10 tano: mbili zikasajiliwa Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya. Zilikuwa ndege za kupendeza, ila zilinguruma mno. Injini zake za Conway zilitoa hewa ya moto kwa kasi kubwa, na kinadharia kasi hiyo ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kelele huongezeka mara 256. Dawa yake ni feni pana inayosukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo.

Dawa ilipatikana, lakini kwa bei ya wenye nacho. Kuanzia 1982 ndege 110 aina ya DC-8 ziling'olewa injini kuukuu na kufungwa CFM56. Boeing 707 nayo ilijaribiwa kwa injini hizo, ila mashirika ya abiria hayakuuziwa kamwe. Nasi tulikuwa na 707! Shirika letu lilipovunjika mwaka 1977, Kenya na Uganda ziliendesha mashirika yao, na yote mawili yakarusha ndege hizo. Marekani ilipoanza kuzifungia milango jeti za kizazi hicho mwaka 1985, mwenye nazo alilazimika ama kununua vifaa vya kupunguza kelele, ama kuruka kwenda kwa wasiouliza. Waliokaa chini ya njia hizo hawakushirikishwa.

Na zile VC10? Moja iliangamia Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizosalia zilichukuliwa na Jeshi la Anga la Uingereza, zikageuzwa za kubeba mafuta, na injini za Conway zikaachwa palepale, kwa kuwa ndege za kijeshi hazibanwi na sheria za kelele za kiraia. Mbili zilizokuwa na usajili wa Tanzania ziliendelea kunguruma hadi Septemba 2013.